Ngoma Haiimbi Yenyewe: Barua kwa Wajukuu Wanaoandika Hadithi za Kisayansi

Wajukuu zangu,

Baada ya salamu nyingi, nawaandikia nikiwa na kinyongo. Nakitaja mapema kwa sababu kinyongo kikikaa moyoni huchacha, nami nawapenda mno, sitaki kichache.

Siku ile mliponialika kusikiliza hadithi zenu nilikuja na furaha ya mtu aliyesubiri jambo kwa miaka mingi. Hadithi za kisayansi nimezisoma tangu usichana wangu, wakati ambapo sikumjua mtu mwingine hata mmoja wa kuzizungumza naye. Kuwaona vijana kumi na mmoja wameketi duara, kila mmoja na karatasi au simu mkononi, kulinitia machozi. Mliyaona, mkadhani ni uzee.

Hadithi kumi na moja. Katika tisa, mashine inaamka usiku. Macho yake yanawaka mekundu. Inagundua kwamba binadamu ni dhaifu, inamuua aliyeiunda, halafu inaanza kuuteketeza ulimwengu. Nilimuuliza mmoja wenu, kwa upole, kwa nini mashine yake inawachukia watu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Ndivyo zilivyo, bibi." Nikamuuliza wa pili: nani alikuwa akiilipia umeme? Kimya. Wa tatu: kabla ya kuamka ilikuwa ikifanya kazi gani, na kwa faida ya nani? Mkacheka. Wa nne akakiri kwamba hadithi hakuiandika yeye; aliiagiza kwenye programu ya akili mnemba asubuhi ile ile, akabadilisha majina. Mkampigia makofi kwa kusema kweli. Mimi sikupiga, na tangu hapo sijatulia.

Mmechukua zimwi la ngano mkalivika bati. Hilo si kosa, zimwi ni urithi wenu na mna haki nalo. Kosa ni kwamba mmelichukua zimwi, ngano mkaiacha.

Ikumbukeni ile ya ngoma. Wasichana walikwenda ufukweni kuokota makombe. Mmoja akalisahau kombe lake zuri juu ya mwamba, akarudi peke yake kulitafuta, akalikuta zimwi limeketi pale pale. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likaiwamba ngozi, likaondoka nayo kijiji hata kijiji. Kila likifika husema: nina ngoma ya ajabu, nipeni chakula niwapigie. Likiipiga, mtoto huimba kwa hofu mle ndani, na watu hustaajabu, ngoma inaimba! Hulilisha zimwi likashiba, likaenda zake. Hivyo hivyo mpaka likafika kijijini kwao mtoto, na mama yake akaitambua sauti.

Watazameni waliomo humo. Yumo mtoto aliyefungiwa. Limo zimwi linalokula. Wamo watu wa vijiji wanaoshangaa na kulipa. Yumo mama mwenye masikio. Ngoma yenyewe ni gogo na ngozi tu. Ninyi mmeandika hadithi tisa kuhusu gogo na ngozi!

Wala msidhani nawapa ngano kwa kukosa la kusema juu ya mashine. Mwaka 1770, mjini Vienna, mvumbuzi Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa mashine ya kucheza sataranji. Ilikuwa sanamu ya mtu mwenye kilemba, ameketi nyuma ya kasha kubwa lililojaa magurudumu ya meno. Watu wakaiita Mturuki. Ilitembezwa Ulaya na baadaye Marekani kwa zaidi ya miaka 80, ikamshinda hata Napoleon mwaka 1809, mpaka ilipoteketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Milango ya kasha ilifunguliwa mbele ya watazamaji ili wayaone magurudumu, na magurudumu yalikuwa ya kuonwa tu. Mle ndani alijikunja mchezaji hodari wa sataranji, akiangaza kwa mshumaa, akiuendesha mkono wa sanamu. Watu wakalistaajabia kasha.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilifungua soko la vibarua vya mtandaoni, ambako mtu hulipwa senti chache atazame picha na kuandika kilichomo, au afanye kazi nyingine ndogo ambayo kompyuta haiiwezi. Jina walilolipa soko hilo ni Mechanical Turk. Mturuki yule yule wa kasha! Hawakuficha kitu, sisi ndio hatukuuliza. Kupitia soko hilo, mwanasayansi wa kompyuta Fei-Fei Li na wenzake waliijenga ImageNet, hazina ya picha zaidi ya milioni 14, zilizopangwa na kupewa majina na makumi ya maelfu ya watu kutoka nchi nyingi. Mwaka 2012, katika shindano la kutambua picha, programu iliyofunzwa kwa sehemu ya hazina hiyo ilikosea mara 15 katika kila 100, huku iliyoifuata ikikosea mara 26. Dunia ikatangaza kwamba mashine imejifunza kuona. Ni kweli imejifunza. Imejifunza kwa macho ya watu ambao hakuna aliyewataja siku ya kutoa pongezi.

Januari 2023 jarida la Time lilieleza habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa wasome maandishi ya ukatili na uchafu usioneneka, wayatie alama moja baada ya jingine, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Wapo waliosema kwamba waliyoyasoma yaliwaganda akilini. Programu ikatoka na adabu, watu wakaisifu kwa adabu yake. Adabu ile ina wenyewe, wajukuu zangu, na wenyewe walikuwa wakilia usiku.

Hata neno roboti, mlilolitumia siku ile katika kila ukurasa, mnajua lilikotoka? Alilileta ulimwenguni Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, katika tamthilia aliyoichapisha mwaka 1920. Aliyemdokezea neno ni kaka yake, Josef, na mzizi wake ni robota, yaani kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana wa ardhi bila ujira. Wazee wetu wanalo neno la jambo hilo hilo: shokoa. Kwa hiyo kila mnaposema roboti mnasema mtu wa shokoa. Na roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa wa nyama iliyotengenezwa, wafananao na watu kabisa, waliofyatuliwa kiwandani ili wafanye kazi bila kuomba chochote. Waliasi, ndiyo. Waliasi kama waasivyo watumishi wa shokoa popote. Kwa miaka mia moja na zaidi watu wameunakili uasi wakaisahau kazi, nanyi mmeingia katika mstari huo huo, tena kwa kujivuna.

Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyeandika habari za kijana anayetia alama kwenye picha elfu kwa siku, na katika picha ya mia saba akaiona nyumba waliyohama? Au mwanamke anayesikiliza sauti zilizonaswa na spika za majumbani, akasikia mtoto anaomba msaada, na mkataba wake unamkataza kusema? Nilimngoja mama mwenye masikio katika hadithi zote kumi na moja. Hakuja.

Nimekaa hapa muda mrefu, najua. Lakini hapa ndipo penye jambo.

Nije kwako uliyeiagiza hadithi. Sitakutaja, na sina chuki nawe. Ulisema kweli, na kweli ina heshima yake. Ila ulijidhulumu, nami nataka uelewe namna ulivyojidhulumu. Programu ile imelishwa maandishi mengi kuliko ambayo mtu angeyasoma katika maisha elfu. Kazi yake ya msingi ni kubashiri kipande cha neno kinachofaa kufuata vilivyotangulia, kisha kinachofuata tena, na tena. Ukiiambia ikutungie hadithi ya mashine bila kuipa lolote lako, hushika njia yenye nyayo nyingi zaidi. Ndiyo sababu macho yalikuwa mekundu. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi kiliyolishwa chombo hicho ni ya Kiingereza, Kiswahili cha hadithi yako kilinuka tafsiri toka mstari wa kwanza, ukakisoma kwa sauti nzuri kana kwamba ni chako. Una ulimi wa mama yako. Mimi nimemsikia mama yako akisimulia! Umeuweka ulimi huo kando ukaazima wastani wa watu wote.

Tarehe 20 Februari 2023 jarida la Clarkesworld, mojawapo ya majarida ya hadithi za kisayansi yanayosomwa sana duniani, lilifunga mlango wa kupokea hadithi. Ndani ya wiki chache lilikuwa limemiminiwa mamia ya hadithi zilizotungwa na programu. Wengi waliozituma hawakuwa na haja na hadithi. Walikuwa wameambiwa kwamba hiyo ni njia nyepesi ya kupata pesa. Mlango ulifunguliwa tena mwezi uliofuata, lakini fikirini aliyeugonga katika siku zile: kijana wa mahali fulani, miezi minane juu ya hadithi moja, ameifuta mara tano, amepata ujasiri wa kuituma, anakuta pamefungwa. Huyo ndiye aliyedhulumiwa, naye ni mwenzenu.

Lingine linalonikera si lenu peke yenu, ni la jamii nzima. Tumezoea kusikia "mfumo umekataa", na tukisikia hivyo tunageuka kwenda nyumbani. Mtu anasimama dirishani na karatasi zake zote, mtumishi anatazama skrini, anasema mfumo umekataa, na kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza mfumo ni nani.

Mnataka hadithi ya kutisha ya mashine na binadamu? Tazameni Posta ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 vituo vyake viliwekewa mfumo wa kompyuta wa mahesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na hitilafu. Uliwaonyesha wasimamizi wa vituo vidogo vya posta kwamba fedha zimepungua, na hazikupungua. Wakaambiwa wazilipe. Wapo waliotoa akiba zao zote, waliouza nyumba, waliofungwa jela, na waliojiua. Mahakama zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtu wa kaunta angethibitishaje? Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Mwaka 2019 mahakama kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile kwa pamoja. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita katikati.

Mashine ile haikuamka usiku, haikumchukia mtu, haikuwa na macho. Ilikosea hesabu. Yaliyobaki walifanya watu: waliojua wakanyamaza, na waliomwona jirani yao wa miaka ishirini wakaiamini skrini kuliko yeye. Kwa jambo hilo hakuna hata sentensi moja katika kurasa zenu zote, nanyi mmejaliwa ujana na hasira, vitu viwili ambavyo hadithi kama hiyo inavihitaji.

Mkitaka upande wa pili wa sarafu, upo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983, afisa wa Kisovieti aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari ya makombora. Mitambo ikapiga king'ora: kombora limerushwa kutoka Marekani. Kisha mengine, yakafika matano. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ndivyo tulivyofunzwa. Usiku ule mbiu ililia na jambo halikuwapo. Petrov alijiuliza kwa nini mtu aanzishe vita vya kuumaliza ulimwengu kwa makombora matano tu. Akawaarifu wakubwa wake kwamba ni hitilafu, bila kuwa na hakika. Baadaye ikajulikana kwamba setilaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa jua uliogonga juu ya mawingu. Hadithi ya mtu mmoja kitini, jasho linamtoka, anaamua kutoiamini mashine kwa sababu ameifikiria akili ya mtu wa upande wa pili. Ina kurasa mia humo kwa anayejua kuandika.

Kuhusu kuumba na kutupa nitasema kidogo, kwa kuwa methali imekwisha kusema. Mwandishi Mwingereza Mary Shelley alianza kuandika habari za Frankenstein akiwa na umri wa miaka 18, na kitabu kikatoka mwaka 1818, kabla hajatimiza 21. Wengi mnadhani Frankenstein ni jina la jitu. Ni jina la aliyeliunda. Jitu halina jina kwa sababu aliyeliunda alilikimbia siku ile ile lilipofumbua macho. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ulilifunza kwa mawe. Msichana wa miaka 18 aliliona hilo kabla ya umeme kufika majumbani. Ninyi mna umri wake.

Mengine nayapanga haraka. Zile sheria tatu za roboti (asimdhuru mtu, amtii mtu, ajilinde) alizozitangaza mwandishi wa hadithi za kisayansi Isaac Asimov mwaka 1942 si sheria za nchi yoyote, acheni kuzitaja kana kwamba mahakama inazijua. Yeye mwenyewe katika hadithi zake anaonyesha zinavyokwama, na katika hadithi alimozitangaza roboti anazunguka duara bila kikomo kwa kuvutwa huku na huku na sheria mbili. Jifunzeni hesabu, walau ya uwezekano. Someni ngano za bibi zenu kwa makini mnayosomea vitabu vya wageni. Mashine yenu iwe na kazi, na kazi iwe na mwenye kuifaidi. Tajeni aliyeiagiza. Msiandike "wanasayansi wazimu". Wanasayansi ninaowajua wamechoka na wanadaiwa kodi ya nyumba. Someni kwa sauti kabla ya kuniletea. Futeni.

Nimebakiwa na mmoja. Wewe uliyeketi karibu na mlango, ambaye zamu yako ilipofika ulisema hadithi haijaisha na ukaomba upitwe. Tulipokuwa tukitoka uliniambia kwa sauti ya chini kwamba kila usiku unazungumza na programu ya gumzo, kwa sababu haichoki wala haikukatizi. Uliniuliza kama hilo ni baya. Sikukujibu pale kwa sababu wenzako walikuwa wakisikia.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwanasayansi wa kompyuta wa chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha habari za programu yake iliyoitwa ELIZA. Ilikuwa ndogo sana. Iliyachukua maneno ya mtu na kuyageuza swali: ukisema nina huzuni, itakuuliza umekuwa na huzuni kwa muda gani. Haikujua huzuni ni nini, haikujua lolote. Katibu wake, ambaye kwa miezi alikuwa amemwona akiiunda na alijua vizuri kwamba ni programu tu, aliketi siku moja kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha. Weizenbaum hakulisahau jambo lile. Mwaka 1976 aliandika kitabu kizima cha kuwaonya watu kuhusu kazi ambazo kompyuta isipewe hata kama inaweza kuzifanya.

Kwa miaka mingi nilisoma kisa hicho kama watu wengi wanavyokisoma, nikimstaajabia mwanamke yule kwa kudanganyika upesi. Sikisomi hivyo tena. Siku hizi najiuliza ni muda gani ulikuwa umepita bila mtu kumuuliza katibu yule umekuwa na huzuni kwa muda gani, hata swali la mashine likamfikia hivyo. Chumba kile kilikuwa na watu wenye elimu kubwa. Swali lilikuwa jepesi, na kila mmoja wao angeweza kuliuliza.

Basi jibu langu kwako ni kwamba hujafanya baya. Umefanya linalofanywa na mwenye kiu. Aibu ni yetu tulioketi nawe duara moja kwa saa tatu, tukakuacha upitwe, tukaendelea.

Hadithi yako ambayo haijaisha niletee hivyo hivyo ilivyo, hata kama ni kurasa mbili. Njoo nayo mwenyewe, usiitume. Nitaisoma ukiwa umeketi mbele yangu. Pale nisipoelewa nitakuuliza, penye uzuri nitarudia kwa sauti, na nikichoka nitakwambia nimechoka, tutapumzika, kisha tutaendelea.

Bibi yenu.